Sauti ya Kuwashia

Jibu lilikuja kabla ya wito kwisha.

"Nawa..."

"Washa!"

Bi Najiat aliacha mkono hewani mbele ya swichi kuu. Ndiyo desturi ya mafundi umeme: aliye chini huita "Nawasha!", na aliye juu ya dari hutoa mikono kwenye nyaya, ndipo huitika "Washa!" Lakini darini hapakuwa na mtu. Zablon, msaidizi wake, alikuwa uani anatafuna karanga.

Bi Najiat aliongoza timu ya serikali iliyotoa leseni kwa mafundi na wakandarasi wa umeme Tabora. Mafundi waliotaka leseni walijaribiwa katika nyumba hii kuukuu, kando ya njia ya zamani ya misafara. Siku zilizofuata dari iliitika tena na tena, na kila ilipoitika, ilishuka harufu ya jasho la watu wengi na ngozi mbichi.

Bi Tatu, muuza vitumbua wa jirani, hakushangaa.

"Hapo walilala wapagazi, mwanangu. Njiani wa mbele aliita, sauti ikapokewa mtu kwa mtu hadi wa mwisho. Waliougua waliachwa hapo hapo. Bado wanaitika. Hawajui wanaitikia nini."

Maalim Abbasi alikuja na ubani, akasoma mpaka koo likamkauka. Alipomaliza kwa "Amin," dari nayo ikasema, "Amin." Maalim akaondoka na viatu mkononi.

Bi Najiat akapiga simu makao makuu kuomba nyumba nyingine.

"Niandike sababu gani, Bi Najiat? Jini?" Mkubwa akacheka. "Endelea na majaribio."

Basi akatunga sheria yake. Zablon akae kwenye swichi, asifuate sauti yoyote ila ya Bi Najiat. Yeye mwenyewe atapanda ngazi, aone kwa macho kwamba mikono ya fundi iko mbali na nyaya, ndipo aseme "Washa."

Siku ya zamu ya Doto, binti wa Sikonge, jua lilikuwa utosini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huogopi?"

"Naogopa kufeli tu."

Zablon akamtania kutoka kwenye swichi. "Ukianguka huko juu, Doto, leseni tunampa Kulwa!"

"Pacha wangu? Yule hata balbu anaogopa kubadilisha, kaka!"

Wakacheka. Doto akapanda. Baadaye Bi Najiat akamfuata, ngazi ikilia chini ya miguu yake, akaingiza kichwa kwenye tundu la dari, akamwona Doto amechuchumaa, tepu ameibana kwa meno, nyaya mbili wazi mkononi, bado anaziunganisha, akamtabasamia kwa macho maana kinywa kilikuwa na kazi. Na papo hapo ile harufu ya jasho na ngozi ikamfunika, ikamwingia puani na kooni, ikawa kama mtu amesimama nyuma yake karibu mno, akivuta pumzi pale anapovuta yeye, akikohoa kile kikohozi kidogo cha kusafisha koo ambacho Bi Najiat hukitoa kabla ya kusema, kisha, kwa sauti yake yeye, sauti tulivu ya mama anayeaminiwa, akasema:

"Washa."

Bi Najiat alifungua kinywa apige kelele Zablon asiwashe. Haikutoka hata pumzi. Chini, swichi ikalia, ta!

Taa zote zikawaka.

Kwenye kikao cha uchunguzi, baada ya mazishi ya Doto, Zablon alilia mbele ya wakubwa.

"Niliisikia sauti ya mama. Haki ya Mungu, ilikuwa yake."

Wakamgeukia Bi Najiat. Tangu siku ile hakuwa ametamka neno, wala daktari hakuona kidonda kooni. Alijitahidi mpaka mishipa ikamtoka shingoni, machozi yakamshuka.

Nje ya dirisha, upande wa njia ya zamani, mtu akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Washa," ikaita sauti ya Bi Najiat.

Zablon akainua kichwa. "Ndiyo hiyo," alinong'ona.

Na mbali zaidi, mwisho kabisa wa msafara, sauti ya Doto ikapokea:

"Washa."