Hati Iliyosubiri Ufukweni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Otilia alipika uji wa mahindi, akaumimina katika chupa ya chai na kuupeleka hospitalini Litembo, alikolazwa bibi yake, Walburga. Otilia alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye ndiye aliyebaki kuitunza nyumba. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, Damiano, alikuwa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika kisiwa cha Likoma, nchi ya Malawi, akiwaanikia watu wengine usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo.

Bibi alikunywa vijiko viwili vya uji, kisha akauliza swali lake la kila siku: "Baba yako amefika wapi?" Otilia alijibu kwamba yu njiani. Haikuwa kweli.

Damiano alikuwa amekimbia sheria, ingawa hakuwa ameua wala kuiba. Wamatengo, watu wa kabila lake, huilima milima yao kwa ngolo, mashimo ya mraba yanayozuia maji ya mvua yasiteremke na udongo. Kwa desturi, wanaume hukata nyasi na kuzilaza, na wanawake huchimba na kuzifunika. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia Mbinga na malori yao, Damiano alitaka kumaliza shamba upesi akatafute kibarua cha kupakia magunia. Mke wa kuchimba hakuwepo tena, na kazi ya wanawake aliiona aibu. Akavuta matuta marefu yanayofuata mteremko. Mvua kubwa ya kwanza ikauporomosha udongo wote, ukaifukia miche ya kahawa ya jirani yake wa chini, Mzee Pankras.

Sheria ndogo ya halmashauri ilikataza kilimo cha namna hiyo mteremkoni, na Mzee Pankras akashtaki. Damiano alipelekewa samansi ya kumwita mahakamani mara mbili, na mara zote mbili aliitumia kuwashia moto wa jikoni. Hakimu akatoa hati ya kukamatwa. Damiano akavuka ziwa. "Karatasi haijui kuogelea," aliwaambia wenzake, wakacheka.

Miaka miwili ilipita. Habari za ugonjwa wa mama yake zilipomfikia, Damiano aliandika barua kumtaka Otilia aende mahakamani akaulize kama shauri lake lingali hai. Otilia aliomba ruhusa kwa mwalimu, akapanda lori la kahawa hadi Mbinga mjini.

Karani wa Mahakama ya Mwanzo, Bi Ephrasia, aliipokea shikamoo yake, akalitafuta jalada, akalipata. Alimweleza mtoto mambo yote taratibu. Hati ya kukamatwa haifi kwa kuzeeka. Huishi mpaka itekelezwe au mahakama iifute. Kama Damiano angekimbilia Iringa, polisi wa huko wangeweza kumkamata na kumrejesha Mbinga, maana nchi ni moja. Malawi ni nchi nyingine. Ili mtu arejeshwe kutoka huko, serikali moja huiomba nyingine kwa maandishi, tena kwa makosa mazito. Kwa udongo ulioporomoka, hakuna ambaye angeandika barua hiyo.

"Basi yuko salama, mama?" Otilia aliuliza.

"Huko aliko, ndiyo. Siku atakapokanyaga ufuko wetu, hapana." Bi Ephrasia alilifunga jalada. "Mwandikie aje moja kwa moja hapa kwangu, kwa miguu yake mwenyewe. Anayejileta husikilizwa mapema, pengine akalala kwake siku hiyohiyo. Anayeletwa na pingu hungoja."

Njia nzima Otilia aliyawaza maneno hayo. Alimjua baba yake: aliogopa mahakama kuliko mawimbi. Akiandikiwa ukweli, hatakuja; na bibi alikuwa akipungua kila siku. Jioni hiyo akaandika: "Baba, nimefika mahakamani. Shauri limekwisha na hati imefutwa. Njoo upesi, bibi anakuita." Barua akampa mchuuzi wa usipa aliyekuwa akirudi ziwani.

Damiano alikuja. Kwa kuwa aliamini, hakujificha. Alishuka Mbamba Bay, akafika Mbinga, na alipoliona gari la polisi likielekea Litembo, aliomba lifti akataja majina yake yote. Askari aliyakumbuka majina hayo. Damiano akatoa barua ya binti yake. Askari aliisoma kwa sauti mbele ya wapakiaji wa kahawa, nao wakacheka hadi wakashusha magunia.

Habari za kukamatwa kwake zililetwa Litembo na Mzee Pankras mwenyewe. Alimkuta Otilia mlangoni mwa hospitali. "Baba yako alisema karatasi haijui kuogelea," alimwambia. "Haikuwa na haja. Ilimsubiri ufukweni."

Hakimu alikuwa safarini kwa siku tisa, na Damiano akawekwa mahabusu kumngoja. Siku ya tatu, bibi aliuliza tena mwanawe amefika wapi. Safari hii Otilia alisema kweli: yuko Mbinga.

"Mbinga ni karibu," alisema bibi, akageuza uso wake kuelekea mlangoni. Alfajiri iliyofuata alifariki, uso ukiwa palepale. Alizikwa kesho yake, na udongo wa kwanza ulitiwa na majirani.

Otilia ndiye aliyekwenda mahabusu kumwambia. Damiano alisikiliza akiwa ameshika nondo za dirisha. Kisha aliuliza karani alisema nini hasa. Otilia akamweleza neno kwa neno.

"Ungeandika hivyo, ningeanzia kwake."

"Ungekuja kweli, baba?"

"Sijui," alisema Damiano. "Na sasa hatutajua, wewe wala mimi."

Hakimu aliporudi, shauri halikuchukua hata nusu saa. Damiano alikiri. Aliamriwa kuondoa udongo katika kahawa ya Mzee Pankras na kuchimba ngolo katika shamba lake lote, na hati ikafutwa. Otilia alikuwepo mahakamani, akahesabu moyoni: siku tisa za kungoja, kwa jambo la nusu saa.

Damiano alichimba kwa majuma matatu. Wanaume waliopita njiani walimwamkia kwa sauti, "Shikamoo, Mama Otilia," lakini hakuinua kichwa. Otilia, aliyejifunza kazi hiyo kwa bibi yake, alimwonyesha namna ya kuzifunika nyasi. Mzee Pankras alipima kila shimo kwa fimbo yake. "Hili halina kina. Rudia." Damiano akarudia.

Siku ya mwisho alisimika jembe, akamtazama binti yake. "Mimi nililikimbia kosa dogo, likakua nikiwa mbali. Wewe ulificha ukweli kwa kunipenda, na bibi yako akafa akiutazama mlango. Sitakuchapa, hakuna fimbo inayozidi hilo. Lakini shika haya: ukiitwa, nenda. Ukipewa neno la kufikisha, lifikishe lote, hata kama litaniudhi."

"Nimesikia, baba."

Mchana huo mvua kubwa ilinyesha. Walisimama chini ya ukingo wa paa wakatazama. Maji yalijaa katika ngolo, shimo moja baada ya jingine, yakatulia. Kwa Mzee Pankras hakikuteremka hata kidonge kimoja cha udongo.