Mgavi Asimame Kila Mlango

Mgavi alipita katikati ya mahema kwa miguu yake sita, bila dereva, akinusa. Pua-umeme yake ilitambua mwanamke aliye hedhini kwa harufu ambayo binadamu haisikii. Akimpata, alisimama mlangoni pake, akafungua tumbo na kutoa pedi na chupa ya maji safi. Hakuna aliyepanga foleni wala kumwomba mwanamume. Hilo ndilo alilojivunia Mhandisi Siwema, aliyemuunda.

Alikuwa amekuja kumkagua kambini, walikohamishiwa watu wa delta baada ya bahari kumeza vijiji vyao. Mama Tumu alimkaribisha uji, kisha akaendelea kumfukiza binti yake ubani mpaka hema likajaa moshi.

"Mama, mtoto atakosa pumzi!" alisema Siwema.

"Pumzi itarudi."

Tumu alikohoa. Alikuwa amejisitiri kwa kipande cha godoro, nacho kilikuwa kimemchubua mapaja.

"Mbona anajisitiri hivi, na pedi ni bure?"

"Bure?" Mama Tumu alipuliza makaa. "Baba yake mdogo ameshakula mahari. Anasubiri Tumu avunje ungo tu. Zamani siri hiyo ilikuwa yangu na somo yake wa kumfunda. Sasa wanaume wanakaa nje kutazama mashine yako imesimama wapi. Ndiyo maana naificha harufu yake kwa moshi."

Siwema aliweka kikombe chini. Nje, miguu sita ilikanyaga changarawe, ikasimama.

"Hodi, shemeji!" Ilikuwa sauti ya Kondo, huyo baba mdogo. "Mgavi kamfuata nani humo?"

"Mimi," alijibu Mama Tumu.

Kondo alicheka. "Na mimba hiyo ya miezi saba? Mimi si mtoto, shemeji. Mtoe mwali."

Siwema alitoka, akasimama mbele yake. "Ni mimi, baba. Nimeingia hedhini safarini. Unataka nikuonyeshe?"

"Astaghfirullah!" Kondo aligeuza uso. Lakini tumbo la Mgavi halikufunguka. Taa nyekundu iliwaka. Siwema mwenyewe ndiye aliyeweka kufuli hilo kuzuia wezi: lilimfungukia aliyenuswa tu, si mwingine.

"Mbona hakupi?"

"Kwa sababu ni mbovu," alisema Siwema, akalifungua kwa ufunguo wa fundi. Kondo alimtazama, akautazama ule moshi, akaondoka polepole.

"Hajaamini," alinong'ona Mama Tumu. "Na kesho mashine itasimama hapa tena."

"Lile hema lililofungwa pale ng'ambo ni la nani?" aliuliza Siwema.

"La akina Sikudhani. Mwaka jana Mgavi alisimama pale. Mtoto mdogo kuliko Tumu. Wakamwoza. Uzazi umemuua."

Siwema alimlaza Mgavi ubavu, akaunganisha kompyuta yake, akaifuta programu yote ya pua-umeme pamoja na kufuli lake. Ilikuwa kazi ya ujana wake. Kisha akaandika amri moja: simama kila mlango.

"Shehena ya pedi haitatosha mpaka mwisho wa mwezi," alisema.

"Utaleta nyingine. Wewe si ndiye mwenye mashine?"

Mgavi aliinuka. Alisimama kwa jirani, kwa anayefuata, kwa bibi kizee, kwa imamu. Akafika kwenye benchi la wanaume, mbele ya hema la Kondo, akamwekea pakiti miguuni.

"Hii ya nani?" Kondo aliruka.

"Pokea, shemeji," aliita Mama Tumu kutoka mlangoni, mkono wake ukiwa begani mwa Tumu. "Leo tumo hedhini sote."