Gemu Isiyo na Chanja

Msimu wa korosho ukifika Makote, Newala, hakuna anayesubiri jua limkute kitandani. Alfajiri wakubwa kwa wadogo hubeba ndoo kwenda mikoroshoni kuokota zilizodondoka usiku, na wanafunzi huokota kidogo kabla ya kukimbilia shuleni. Ziada wa kidato cha kwanza naye alikuwa akiamka alfajiri. Ila yeye hakubeba ndoo, alibeba daftari.

"Mama, nina kipindi cha asubuhi," alisema kila siku, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu.

"Haya, nenda mwanangu, shika elimu," mama yake alimjibu, kisha akachukua ndoo mbili badala ya moja.

Kipindi hicho hakikuwepo. Kilichokuwepo ni chumba cha kompyuta, chenye kompyuta nne, mbili za kufanyia kazi na mbili za kutazama tu. Mwalimu Yuliana, mlezi wa klabu ya kompyuta, alimpa Ziada ufunguo baada ya kuambiwa kwamba wazazi wameruhusu. Kwa hiyo uongo ulikuwa nyumbani na shuleni, na Ziada alikaa katikati yake akitengeneza gemu.

Ndiyo, gemu. Mwanzoni mwa mwaka kila mwanafunzi aliulizwa anataka kuwa nani, na Ziada akasema anataka kutengeneza gemu za kwenye simu. Darasa zima liliangua kicheko.

"Utaajiriwa na nani, Newala hii?" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

"Chekeni mpaka mchoke," Ziada aliwajibu. "Mtakuja kuniomba niwafundishe kuicheza."

Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini moyoni aliogopa. Gemu zote alizowahi kuziona zilikuwa na askari, magari na majiji asiyoyajua. Hakuwahi kuona hata moja yenye mkorosho. Labda wanaozitengeneza hawatoki mahali kama Makote. Akaamua kwamba kama haipo yenye mkorosho, ataitengeneza yeye.

Bahati ikamjia. Masasi kungekuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi, na ambao kazi zao zingependeza wangepata mafunzo ya kompyuta wakati wa likizo. Fomu ilitakiwa kurudi Ijumaa ikiwa na saini ya mzazi. Kwenye nafasi iliyoandikwa "Kazi unayotaka kufanya baadaye", Ziada aliandika kwa penseli, "Muuguzi". Alijua neno hilo lingemfurahisha baba yake, Mzee Lukmani.

Mzee Lukmani hakutaka hata kulisikia neno gemu. Nasibu, mtoto wa mdogo wake, alifeli darasa la saba kwa kushinda kwenye kibanda cha gemu pale Newala mjini. Ndiyo maana siku ya Jumapili Mwalimu Yuliana alifunga safari mwenyewe hadi nyumbani kwao, na kishikwambi chake mkobani.

"Hodi! Shikamoo, Baba Ziada."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa."

Mwalimu alieleza, kisha akampa kishikwambi. Mzee Lukmani alikipokea kwa ncha za vidole. Ziada alisimama mlangoni. Kwenye kioo korosho zilianza kudondoka. Mchezaji aliziokota, akazitenganisha na mabibo, matunda yake, akazianika chini kwenye uwanja, akazitia kwenye gunia na kuzipeleka ghalani. Sauti ya furaha ikalia: daraja la kwanza!

Mzee Lukmani hakufurahi. Alirudia tena, akitazama kwa makini.

"Hizi zimeanikwa wapi?" aliuliza.

"Chini, baba. Kama tunavyofanya."

"Tulivyokuwa tukifanya. Mwaka jana zetu zilikataliwa ghalani, zina mchanga na unyevu. Mwaka huu nimejenga chanja kule shambani, kitanda cha miti cha kuanikia, na mama yako anaanika juu yake wiki ya tatu sasa. Nilipokuambia, ulijibu 'ndiyo, baba' bila kuinua macho kwenye daftari." Akaweka kishikwambi chini. "Mtoto anayeingia mikoroshoni angeiona chanja. Ziada, asubuhi unakwenda wapi?"

"Ana kipindi," mama yake alidakia.

Mwalimu Yuliana alishangaa. "Kipindi gani, Mama Ziada? Mimi aliniambia mmemruhusu kuja kwenye kompyuta."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ziada iliishia hapo hapo mlangoni kwao. Alimtazama mama yake, akaona viganja vilivyobabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho kwa kazi ya watu wawili. Aibu ilimjaa, machozi yakamtoka.

"Niliwadanganya," alisema. "Mama nisamehe. Mwalimu nisamehe."

"Fomu sisaini," baba yake alisema. "Gemu zimeanza kukula na wewe, kama zilivyomla Nasibu."

Hapo Ziada alifuta machozi na kuinua uso. "Baba, nimesema uongo, nipe adhabu ya uongo. Lakini gemu yangu si uongo! Nasibu alicheza za wenzake. Mimi natengeneza yangu. Nitaokota kila asubuhi, na Alhamisi uicheze tena. Ukiona haifai, fomu nitaichana mwenyewe."

"Mtoto huyu ana mdomo!" Mzee Lukmani alisema, lakini hakukataa. "Na nani atakulipa kwa kazi hiyo?"

"Sijui, baba. Sitaki kukudanganya tena. Ila lazima awepo wa kwanza."

Mwalimu alinyoosha mkono, Ziada akamrudishia ufunguo. Tangu siku hiyo angeingia chumba cha kompyuta baada ya masomo tu, pamoja na wenzake.

Jumatatu shuleni, Wema, rafiki yake, alimvuta pembeni. "Unajisumbua bure. Saini ya baba yako si naijua? Nikusainie sasa hivi tumalize."

"Hapana," Ziada alisema. "Atasaini kwa mkono wake."

"Na akikataa?"

"Basi atakuwa amekataa. Ya kuiba siitaki."

Asubuhi nne mfululizo Ziada aliinama chini ya mikorosho mpaka mgongo ukamuuma. Mama alikuwa bado na kinyongo, kwa hiyo siku ya kwanza walifanya kazi bila maneno mengi. Siku ya pili Ziada alianza kuuliza, na mama akaanza kueleza. Alimwonyesha jinsi ya kuzigeuza korosho juu ya chanja, na jinsi ya kukandamiza ganda kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, korosho haijakauka. Asubuhi ya tatu manyunyu yaliwavamia ghafla, wakakimbia kufunika chanja kwa turubai huku wakicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jioni, kwenye kompyuta, yote hayo yaliingia kwenye gemu.

Alhamisi alasiri Mwalimu Yuliana alirudi na kishikwambi. Mzee Lukmani aliitazama chanja kwenye kioo, akaitikia kwa kichwa polepole. Alianika, akageuza, akapima kwa ukucha. Mara wingu likatokea, manyunyu yakaanza, na kabla hajalipata turubai, korosho zote zikalowa. Gemu ikamtangazia kwamba zimekataliwa ghalani.

"Aa! Wingu limetokea wapi?"

"Upande wa juu, baba. Ulikuwa unaangalia chini."

"Irudishe mwanzo."

Aliirudia mara tatu. Chai ikapoa, mama akamcheka waziwazi, naye hakujali. Alipofanikiwa kuzipeleka ghalani kavu, alipiga paja lake kwa furaha, kisha akajikohoza na kuomba kalamu.

"Ziada, sikiliza," alisema. "Ile ya kwanza uliitengeneza ukiwa umetukimbia, ndiyo maana haikuwa na chanja. Hii umeitengeneza ukiwa na sisi. Uongo ulikunyima kuona hata kilicho shambani kwenu. Ukitaka kazi yoyote, hata hii nisiyoijua, ifanye kwa jasho na kwa ukweli."

"Nimesikia, baba."

Akaikunjua fomu, akaisoma mstari kwa mstari. Kalamu ilisimama katikati. "Muuguzi? Nani anataka kuwa muuguzi?"

Ziada aliinamisha kichwa. "Niliandika ili ukubali."

Mzee Lukmani aliisukuma fomu upande wa Ziada.

"Basi nao huo ni uongo. Futa," alisema. "Andika unachokitaka, ndipo nisaini."

Ziada alifuta mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Kisha akachukua kalamu ya baba yake, siyo penseli, akaandika kwa herufi kubwa: MTENGENEZAJI WA GEMU, MAKOTE, NEWALA.