Kumbipu Massoudi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo wakati Tajudini alipotumwa kwenda kuuamsha mnara wa simu wa mtaa wa Bwiza. Kazi ndogo. Aliwaambia wenzake kwamba kazi ya namna hiyo yeye anaifanya mkono mmoja, mwingine umeshika brosheti ya nyama.

"Mi siendi kutengeneza," alisema akivaa helmeti. "Minaenda kuusalimia tu. Ukiniona, utaamka wenyewe."

Huyo ndiye Tajudini. Mtaa mzima ulimjua kwa mdomo. Akiwa mwanzo wa barabara, mkewe Fadhila alikuwa anajua aweke chakula mezani, kwa sababu sauti ya bwana ilikuwa inafika nyumbani kabla ya bwana mwenyewe. Na kitu kimoja tu duniani kilikuwa kinamnyamazisha: binti yake Saliha, ambaye hajatimiza hata mwaka na nusu. Mtoto akilala kifuani kwake, Tajudini alikuwa hapumui kwa nguvu. Cheka ukitaka. Siku ukipata wa kwako utaniambia.

Sasa, huo mnara. Usifikirie chuma kirefu cha barabarani. Zilikuwa nguzo tatu na antena zake juu ya paa la jengo la maduka. Chini wanauza vitenge, katikati mafundi cherehani, juu kabisa ofisi ambazo hazijawahi kupata mpangaji. Kwa majuma kadhaa rezo ya hapo, mtandao wa simu, ilikuwa inakufa kila magharibi. Wakubwa wenye diploma wakasema ni mazutu ya jenereta imekwisha. Ikaletwa mazutu, na mazutu Bujumbura siku hizi watu wanaiota tu usingizini. Rezo ikafa. Wakasema wezi wameiba betri. Zikaletwa betri mpya, ukawekwa na mlango wa chuma mwisho wa ngazi. Ikafa. Wakasema wachimba barabara wamekata waya chini ya lami. Wakafukua, wakaunga, wakafukia. Jua likazama...

Ikafa.

Na minara mingine ya jirani ilikuwa imelala zamani kwa kukosa mafuta. Bwiza yote ilikuwa inaning'inia kwenye huu mmoja.

Mlangoni alimkuta mzee Népomuscène, mzamu anayelinda jengo, amekaa kwenye bidoni lake la maji na funguo shingoni.

"Leo wamekutuma we?" mzee aliuliza.

"Wamechoka kutuma watoto, Muzee. Leo wametuma mwanaume."

Mzee hakucheka. Alimpandisha ngazi bila taa, maana umeme ulikuwa umekatwa tangu mchana. Kule juu alifungua mlango wa chuma, ukalia kama mbuzi.

"Mi nitafunga nyuma yako. Njo amri yao, sababu ya wezi wa betri. Ukimaliza, nipigie simu, nikuje nifungue."

"Na kama rezo haitarudi, nikupigie na filimbi?"

"Gonga mulango." Mzee alisita. Akasogea, akanong'ona. "Kijana... pale juu usimuite mutu."

"Nani nimuite? Niko na bibi nyumbani."

"Massoudi, fundi mwenzenu, alianguka hapa akafa. Unajua. Simu yake tulitafuta, hatukuiona. Lakini mi ninaisikia. Kila magharibi, inalia huko juu. Mara moja tu... halafu inakatika."

"Muzee, punguza kunywa urwarwa," alisema Tajudini, akaingia.

Kufuli likalia nyuma yake. Kla!

Hapa ni lazima nikwambie jambo la mafundi, la sivyo utabaki unashangaa. Ukimaliza kutengeneza mnara, unapima kwa kupiga simu. Lakini utatumia pesa ya krediti ya nani? Massoudi alipokufa, namba yake ilikufa naye. Ukiipiga, mwanamke wa kwenye mashine anakwambia haipatikani. Bure, haikuli hata faranga. Na ukimsikia yule mwanamke, umejua rezo imerudi. Basi mafundi wote wa kampuni wakaifanya ndiyo namba ya kupimia. Kutoka Kinindo hadi Mutanga Sud, fundi akishuka anaulizwa, "Umembipu Massoudi?" Naye anajibu, "Nimembipu, kanisalimia." Wanacheka, wanaondoka.

Miaka, jamani. Miaka wanambipu marehemu. Na nyinyi mnajua, kumbipu mtu ni kumwambia nini.

Nipigie.

Tajudini alifungua kabati la mitambo. Kila kitu kizima. Betri zimejaa, waya zimeshika. Alizima, akawasha. Taa ndogo za kijani zikaamka moja moja. Akacheka peke yake, akatoa simu, na kama kawaida ya mafundi wote, akambipu Massoudi.

Alingoja yule mwanamke wa mashine.

Hakuja.

Simu iliita. Iliita vizuri kabisa, kama namba ya mtu aliye hai.

Na nyuma ya antena... nyuma yake kabisa... kitu kilianza kulia. Mlio wa zamani, wa simu za vitufe.

Akakata haraka. Mlio ule ukakatika papo hapo. Upepo ukanyamaza. Akasikia harufu ya sementi mbichi, na nyingine chini yake, ya chuma kilicholoa damu. Chini mtaani adhana ya magharibi ikaanza.

Simu ikatetemeka mkononi. Jina kwenye kioo: MASSOUDI.

Usipokee, utasema wewe uliyekaa kwenye kiti chako. Lakini Tajudini alishajitapa kwa kila mtu. Na mtu wa kujitapa anaona haya hata akiwa peke yake. Akapokea.

"Umenibipu," sauti ilisema. Ilikuwa kavu, ya mbali.

"Ni nani?"

"Siku mingi munanibipu. Wote. Leo umebipu hapa kwangu, njo nimeweza kurudisha. Sauti yangu iko mubaya, eh? Haifiki. Yako inafika?"

"Ya... yangu iko sawa."

"Hesabu basi. Nisikie."

Ni mtego gani huo! Kila fundi anahesabu. Ukipigiwa wakati wa kupima, mwenzako anakwambia hesabu hadi kumi, asikie kama maneno yanakatika. Mdomo wa Tajudini ulikuwa umezoea. Ulianza kabla ya akili.

"Moja. Mbili. Tatu..."

"Moja, mbili, tatu," simu ilirudisha nyuma yake.

"Nne. Tano..."

Sauti yake ilikuwa inapungua. Ile ya kwenye simu ilikuwa inanenepa, inapata mkwaruzo wake, inapata kile kicheko chake cha puani.

"Sita... sab..."

"Saba," ilisema simu kwa sauti ya Tajudini. "Nane. Tisa. Kumi. Asante, ndugu yangu. Mi mutoto wangu sikumuona. Alizaliwa nikiwa chini ya udongo. Mama yake akamubeba akaenda Uvira, akaolewa. We uko na wako."

Tajudini alifungua kinywa atukane.

Hewa tu.

Akajaribu Audhu billahi. Midomo ilicheza, koo likacheza. Hakuna. Akaibamiza simu sakafuni, kioo kikapasuka, lakini namba za dakika za maongezi ziliendelea kukimbia chini ya nyufa. Akaikanyaga kwa buti hadi ikawa vipande. Halafu, kwa kuwa nyumba yake haikuwa mbali, alikimbia hadi ukingo wa paa akaangalia.

Aliona mlango wa ua wake ukifunguka.

Fadhila alitoka. Kitenge cha manjano, mtoto mgongoni. Simu sikioni. Alikuwa anatabasamu, anatembea haraka haraka, kama mwanamke aliyeitwa na bwana wake aje aone kitu kizuri.

Tajudini alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hata njiwa wa kwenye ukingo hawakuruka. Akavua helmeti akairusha. Ikaangukia bati la muuza vitenge, watu wakainua vichwa.

"We mwendawazimu! Unataka kuua watu?"

"Ni mwizi wa betri huyo! Muite muzamu!"

Wote walitazama juu. Wote, isipokuwa Fadhila. Anayeongea na bwana wake kwenye simu atatazama juu amtafute nani? Akakatiza katikati ya watu, akaingia ndani ya jengo.

Tajudini aliurukia mlango wa chuma. Alipiga kwa ngumi, kwa mateke, kwa spana. Ngazini akasikia mtu anapanda, anahema. Mzee Népomuscène! Ufunguo ukaingia kwenye kufuli. Alhamdulillahi.

Simu ya mzee ikalia.

"Allô? Tajudini?"

Na upande wa pili wa chuma, unene wa kidole tu kutoka sikioni mwake, Tajudini aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Muzee, usifungue! Mi nilishuka na ngazi ya inje. Hao ni wezi, wameingia. Ukifungua watakuchinja. Shuka, ita polisi."

"Yesu wangu," alisema mzee. Ufunguo ukatoka.

Tajudini alikwaruza. Kucha zilivunjika. Alisikia ndala za mzee zikikimbia chini, na nyingine, nyepesi, zikipanda.

"Baba Saliha, huku ni giza," ilikuja sauti ya Fadhila. "Ni nani anagonga hivi?"

"Ni mafundi, usiogope," ilijibu simu, kwa upole ambao Tajudini mwenyewe alikuwa anautumia usiku tu, mtoto akishalala. "Mutoto muweke hapo kwenye ngazi. Niko nyuma ya kona, nitamubeba. We shuka kidogo, nipokelee kikapu kwa muzamu."

"Hapa chini? Pachafu."

"Weka, mama. Niko hapa."

Kitenge kikafunguliwa fundo. Alikijua hata mlio wake.

Hapo ndipo Tajudini aliacha mlango. Aligeuka, akaliendea kabati, akashika shoka la zima moto. Hakuzima. Alikata. Waya za betri, waya za antena, zile nene zilizounganishwa kwa majuma, alizikata zote, cheche zikimrukia usoni. Taa za kijani zikafa. Na Bwiza nzima, maduka, baa, wenye kutumiana pesa, wenye kubembelezana, wote wakakatwa maneno mdomoni.

"Baba Saliha? ... Allô? Allô?"

Halafu mtoto akalia.

Fadhila alirudi akimfuata mtoto, na baadaye mzee akarudi na vijana wa chini wenye fimbo, na mlango ukafunguliwa. Walimkuta fundi wao amepiga magoti, mikono ina damu, mdomo wazi. Fadhila alikuwa amembeba Saliha, mzima, bila hata mkwaruzo. Ila mtoto alikuwa ameinua mikono yote miwili kuelekea kona ya ngazi, pale pasipo na mtu, kama wanavyoinua wakitaka kubebwa.

Sauti ya Tajudini haikurudi.

Alimwandikia bosi wake, Gélase, kila kitu kwenye karatasi. Gélase alisoma, akamtazama kwa huruma ile inayokera kuliko tusi. "Kijana, ulipigwa na umeme. Inatokea. Pumzika nyumbani." Tajudini alimshika mkono, akatikisa kichwa, akaandika tena kwa herufi kubwa: MUSIUWASHE. Gélase alijitoa taratibu.

"Watu wa Bwiza wanatutukana tangu jana. Niuache munara ubaki muti tu juu ya nyumba?"

Wakapeleka mafundi wengine. Wakaunga waya.

Jioni hiyo Tajudini alikuwa ameshazima simu ya Fadhila, akaitoa kadi, akaitupa kwenye choo. Akafunga mlango, akakaa mkekani na Saliha mapajani. Fadhila alikaa karibu naye, ameshika tasbihi. Wote wawili walisikiliza.

Adhana ikaisha.

Upande wa pili wa ua, simu ya jirani ikaanza kuita. Ikapokelewa. Wakasikia malapa yakikokota kwenye changarawe, na Consolate, mama mwema aliyewasaidia sana wakati wa uzazi, akasukuma mlango kwa bega huku amenyoosha simu mbele.

"Mama Saliha, shika, ni bwana yako. Anasema simu yako haipite. Anauliza kama mutoto alishakula..."

Ndipo akamwona Tajudini amekaa pale mkekani.

Consolate alimtazama. Akaitazama simu. Hakuitupa; vidole vilikuwa vimekataa kufunguka. Na kutoka mkononi mwake ile sauti iliendelea, kubwa, ya kucheka puani, sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa unaijua.

"Allô? Saliha? Mama, kuja kwa baba."

Na Saliha akageuza kichwa, akashuka kutoka mapajani mwa babake.