Ua la Kaviha na Kata ya Pili

Kila asubuhi Mzee Ruwa wa Kisauni alijaza kata mbili za maji. Ya kwanza aliinywa. Ya pili aliimimina kwenye mkebe wa samli uliokaa dirishani.

"Kaviha, maji yako haya."

Kaviha alikuwa mkewe. Alifariki mwaka wa pili wa vita, baada ya wakubwa wa zahanati kumwambia mara tatu arudi kesho. Aliacha ua moja tu, lenye shina nene na maua mekundu. Kwao Mzee Ruwa, marehemu humwagiwa maji chini ili asisahauliwe. Yeye akaona amtilie papo hapo kwenye ua lake. Hakukosa hata siku moja.

Mwezi wa pili baada ya msiba, majani yakawa manjano, yakapukutika.

"Ni maji ya wakubwa haya ya bomba," alinung'unika. "Walimnyima dawa, sasa wanamuulia na ua lake."

Jirani yake, Bi Mahfoudha, muuza asmini, alimsikia akaja. Alibonyeza shina. Likabonyea kama papai bovu.

"Wakubwa wana makosa yao mengi, jirani. Lakini hili, wallahi, unaliua wewe."

"Mimi? Sijalinyima maji hata siku moja."

"Ndiyo nasema. Wewe ukisimamishwa ndani ya pipa la maji siku arobaini, utatoka mnono? Ua hili huweka akiba ya maji shinani. Na mkebe wako hauna hata tundu."

Mzee Ruwa alipapasa chini ya mkebe.

"Litapona?"

"Tulikate tuone. Nitakuja kesho."

"Leo," alisema Mzee Ruwa. "Kesho nimeambiwa vya kutosha."

Alileta kisu. Waling'oa ua. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka. Walikata sehemu zote zilizooza mpaka wakaona nyama nyeupe, safi.

"Nawa kwa sabuni," alisema Bi Mahfoudha. "Utomvu wake ni sumu. Usijishike macho."

Waliliacha kivulini siku saba, kidonda kikauke. Mzee Ruwa alitoboa mkebe chini kwa msumari. Alichanganya mchanga, vipande vya matumbawe na udongo kidogo. Akalipanda, akaliweka penye jua.

"Siku tano za kwanza usitie maji," alisema Bi Mahfoudha. "Baadaye tia kidole udongoni. Ukiwa mkavu mpaka ndani, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni. Ukiwa na unyevu, liache."

"Na Kaviha je?"

"Yake mmwagie chini, kama desturi yenu. Ya ua ni ya ua."

Haikuwa rahisi. Kila asubuhi mkono ulikwenda dirishani wenyewe. Mzee Ruwa aliurudisha, akamwaga ile kata kando ya mlango.

Mwezi wa nne yalichipua majani mabichi. Wa sita, maua sita.

"Nipe moja nikauze na asmini zangu," alitania Bi Mahfoudha.

"Thubutu uone."

Alipoondoka, Mzee Ruwa alimwaga maji mlangoni polepole.

"Kaviha, limechanua," alisema. "Hili hatukungoja kesho yao."