Nafasi Iliyoachwa Nyeupe

Haya yalimpata rafiki yangu Fidelia, mpiga picha wa Lyamkena, Makambako, mtu asiyeonja pombe, hata ulanzi wa mianzi. Printa yake ya mtumba, aliyoiweka sebuleni, ilibugia wino, na katriji moja ya wino ilitoka Dar kwa bei ya mbuzi mzima.

Alasiri moja ya ukungu, jirani yake Brightness alileta picha aliyopiga na mumewe, sasa marehemu, wameketi benchini.

"Dada, nitolee yeye tu, ya kuweka juu ya jeneza."

Ili kubana wino, Fidelia alimfuta mjane kwenye kompyuta, pakabaki peupe. Mara umeme ukakatika, chumba kikawa giza. Fidelia akachomoa katriji ili wino usipotee, akaishika. Printa ikaanza: krr, krr, krr.

"Dada, umeme si umekatika?"

Uliporudi, picha ilikuwa imeshatoka. Kando ya marehemu, pale palipoachwa peupe, ameketi Fidelia, katriji mkononi.