Watazamaji Niliowatunga

Kila likizo ratiba yangu kwa Tonton Musafiri huwa ileile. Asubuhi nafagia ua, nachota maji, naosha vikombe vya chai, kisha naketi kizingitini kumtafuta mtu wa kumfanyia utani. Tonton ni mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kanyosha. Mimi ni Sephora, nina miaka kumi na minne na nasoma shule ya bweni. Bweni limenifunza mambo mawili ya maana: kutandika kitanda kwa dakika moja, na kuiga mwandiko wa mtu yeyote aliye hai.

Mwaka huu Tonton alitengeneza filamu kwa kamera ya kuazima. Mama mmoja anaendelea kumpakulia chakula mwanawe aliyevuka ziwa kutafuta kazi na hajarudi, na kila siku jirani mlafi anabuni sababu mpya ya kuja kukila. Watu hucheka mpaka karibu na mwisho, pale mama anapoiosha sahani ya mwanawe peke yake na kulia. Mama huyo aliigizwa na Mama Ernestine, muuza ndagala, yaani dagaa, wa soko letu, ambaye hakuwahi kuigiza maishani mwake.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri katika ukumbi wa parokia. Kabla haijaanza, Tonton alinipa vikaratasi thelathini.

"Ikiisha, wape watu waandike maoni. Jumamosi tunaionyesha kule mtaa wa Kigobe, mbele ya wageni wengi. Nataka kujua nirekebishe nini."

"Ndiyo, Tonton," nilijibu kwa sauti ya mtawa.

Katikati ya filamu, harufu ya mishikaki iliniita nje mimi na rafiki yangu Destin. Tuliporudi, ukumbi ulikuwa umebaki viti vitupu.

"Tonton yako atakuua," Destin alisema. "Mi sikuwepo."

"Hakuna atakayekufa. Nipe kalamu yako."

Tuliketi nyuma ya ukumbi, nikawazaa watazamaji thelathini kwa saa moja tu. Niliandika kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mahali pa jina niliweka kazi. Muuza makaa alilalamika kwamba jirani angekula na sahani yenyewe. Destin alicheka hadi akakaa chini, nami nikanogewa. Fundi cherehani wangu akaandika: "Yule mama analia kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Arudi kwenye ndagala zake." Niliona tusi hilo tamu mno kutumiwa mara moja, kwa hiyo nikampa pia mwanakwaya, muuza maziwa na wengine wanne, kila mmoja kwa maneno yake.

Jumatano nilimkuta Tonton mbele ya kompyuta, uso umemshuka.

"Nimekikata kipande cha sahani," alisema. "Watu saba hawakukipenda. Siwezi kuwauliza watu halafu nisiwasikilize."

"Umekiweka wapi?"

"Nimekifuta. Kompyuta ilikuwa imejaa. Na Mama Ernestine hataki kuja Kigobe. Alivisoma vikaratasi mwenyewe, akanirudishia kitenge cha kuigizia. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi."

Kwa kawaida mambo kama haya hunichekesha. Safari hii nilitafuta kicheko changu, sikukiona.

Nilikwenda sokoni. Kabla sijafika kwenye meza ya Mama Ernestine, Radjabu, fundi cherehani anayefanya kazi kando yake, alinivuta mkono.

"We Sephora, huyu mama nimemukosea nini? Siku tatu hanisalimu."

Mama Ernestine alisikia. Aliendelea kupanga ndagala bila kuinua kichwa.

"Aulize kalamu yake," alisema. "Kuna fundi cherehani aliandika mi ni mbuzi. Hapa fundi ni nani mwingine? Na muuza maziwa naye nampita tu. Kwenye kwaya nimekaa nyuma. Namuangalia kila mutu, najiuliza: ni huyu?"

Miguu yangu ilitaka kurudi nyumbani bila mimi.

"Mama, ni mimi."

"We ni nani?"

"Fundi cherehani ni mimi. Na muuza maziwa. Na mwanakwaya. Wote thelathini ni mimi. Hakuna mtu aliyeandika kitu."

Mama Ernestine alishika fungu la ndagala, akaliweka, akalishika tena.

"Yale machozi, ulijua ni ya nani?"

"Apana, Mama."

"Ya mwanangu Eddy. Alivuka kwenda Kigoma, huu mwaka wa nne. Simu haiingii. Siku ile nikiosha sahani nilisahau kama kuna kamera."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Tonton yote, jambo ambalo walimu wangu wa bweni wasingeliamini.

Tonton hakunichapa. Alinipa daftari. "Nenda nyumba kwa nyumba," alisema. "Andika mtu anavyosema, si unavyopenda wewe."

Nilizunguka siku nzima. Mama mmoja alisema kwamba baada ya filamu alimpigia mwanawe simu, wakaongea kuhusu mvua tu, lakini alilala vizuri. Mzee mmoja alisema jirani mlafi anafanana mno na shemeji yake. Radjabu aliniamuru kuandika kwamba alicheka.

"Lakini mke wako anasema ulilia."

"Nililia. Lakini andika nilicheka! Wateja wakisikia fundi analowesha suti zao, itakuwaje?"

Nikaandika: "Radjabu anasema alicheka." Karibu wote walitaja sahani. Hakuna aliyetaja mbuzi.

Mama Ernestine alisomewa daftari lote. Kisha alikwenda kumsalimu Radjabu, akamsalimu na muuza maziwa, akakubali kurudia kipande. Ijumaa Tonton aliwasha kamera. Mama aliosha sahani. Aliiosha mara ya pili, na ya tatu. Uso wake ulibaki mkavu.

"Machozi si kuku, Mwalimu, eti uyaite yarudi," alisema. "Piga hivi hivi."

Kigobe watu walicheka na kupiga makofi. Nilisimama mlangoni na vikaratasi, na safari hii sikuondoka hata mishikaki iliponukia. Bibi mmoja aliniambia, "Filamu nzuri, mwanangu, lakini mwisho haukunigusa sana." Hakujua kulikuwa na mwisho mwingine. Ni watu wa ukumbi wetu tu waliouona, nao hawatauona tena. Niliandika maneno yake yote, kisha nikampelekea Mama Ernestine mwenyewe.

Alisoma, akakunja kikaratasi na kukitia kwenye mkoba wake.

"Huyu amesema kweli, siwezi kumukasirikia," alisema. "Hata we, Sephora, ungenitukana kwa kinywa chako, tungegombana siku moja tukamaliza. Lakini uliazima vinywa vya watu bila kuwauliza, mi nikawachukia watu wazima kwa watoto ambao hawakunifanya kitu. Ukiwa na neno, liseme kwa jina lako. Ukiwa huna, rudisha karatasi nyeupe. Nyeupe haijamuumiza mutu."